Mwaka Tuliokataa Kupimisha Watoto

Juzi kanisani Litein, katika ibada ya kumuaga Sista Akoth, nesi wa dispensari yetu, kabla mwili wake haujapelekwa kwao upande wa ziwa, mwanamume mmoja mwenye suti ya kijivu alisimama akasema, "Huyu mama alitupimia watoto wetu wote." Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma, mahali pa mtu anayependa kuuona mlango, nikawahesabu wanawake wa rika langu waliokuwa mbele yangu. Kisha nikahesabu tena, kwa sababu soko lilinifundisha kwamba hesabu ya kwanza ni ya macho, ya pili ndiyo ya akili. Walikuwa kumi na mmoja, na wengi wao mabega yalikuwa yanatikisika. Kijana wa kando yangu alidhani wanalia, akanipa kitambaa cha karatasi na mimi pia. Nilikipokea. Sikumwambia kwamba tulikuwa tunacheka, na kwamba marehemu mwenyewe angekuwa hai angecheka kuliko sisi, maana yule bwana alikuwa amesema ukweli mtupu. Watoto alitupimia wote, kwa moyo safi. Mama zao ndio ilibidi tumuuzie, na mwanzoni hakutaka kununua.

Kwetu neno kupima lina kazi nyingi kuliko punda wa kubeba maziwa. Majani chai yanapimwa senta, kituo cha kuyanunulia, shamba linapimwa na watu wa ardhi, mtoto anapimwa kliniki, damu inapimwa ukiwa na malaria. Mwaka ninaousema hapa, katikati ya miaka ya tisini, ndio nilijua kwamba neno hilo lilikuwa na shimo katikati, na aliyeanguka humo ni mwanamke aliyejifungua. Akiwa na tumbo alipimwa. Tumbo likishuka, mzani ulimfuata mtoto, naye akabaki kando kama gunia lililomwagwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nauza mitumba siku za soko na kuchuma chai ya nyumbani siku nyingine, na sikuwa nimezaa. Nilijua bei ya kila kitu kati ya Litein na Kapkatet. Sikujua kwamba mtu anaweza kulala katikati ya nyumba iliyojaa watu, akafa taratibu, huku kila mmoja akimpongeza.

Rael, mke wa kaka yangu, alijifungulia nyumbani wakati wa mvua ndefu. Kaka alikuwa kiwandani, huko kwenye mashamba makubwa ya chai, na alirudi mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo chumba kilikuwa cha wanawake, na mwenye chumba alikuwa mama yangu, ambaye tangu wajukuu waanze kuja sote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko, chenye moshi mzuri wa kuni za mti mkavu, kalenda ya mwaka uliopita ukutani, na nguo za mtoto kwenye kamba. Mvua ikipiga mabati ilibidi tuongee kwa kupiga kelele, halafu ikikatika ghafla mtu anapatikana akipayuka siri. Rael alikuwa chini ya sheria za zamani: asivuke mlango, asishike chakula kwa mkono wake mpaka wanawake wazee wamwoshe mikono na kumtoa nje. Uji wa wimbi aliunywa, mursik, maziwa lala ya kibuyu, aliinywa, supu ya kichwa cha mbuzi aliletewa, na ugali aliula kwa kijiko cha mti. Sisi tulikuwa Wakristo wa kuimba kwaya, wala usifikiri vingine. Lakini Yesu alikaa sebuleni. Chumba cha uzazi kilikuwa cha Kogo.

Wageni walikuja wengi. Waliingia wakipangusa matope ya gambuti, wakamshika mtoto, wakaanza.

"Huyu ni babu yake kabisa. Tazama masikio."

"Masikio ni ya babu, lakini hii pua ni ya huko kwa kina mama yake. Mtaisamehe tu."

"Ananyonya?"

"Kama ndama."

"Na maziwa yapo?"

"Yapo, tena mengi," Kogo akajibu, na Rael, mwenye hayo maziwa, akiwa hapo hapo kitandani akitabasamu. Niliwamiminia chai wageni wote wale, na kwa kuwa kuhesabu ni ugonjwa wangu, nilihesabu pia maswali. Kuhusu mtoto yalikuwa mengi hadi nikaacha. Kuhusu Rael mwenyewe hakukuwa na hata moja, isipokuwa lile la maziwa, ambalo hata ng'ombe anaulizwa.

Siku ya kliniki ilipofika, mtoto alikwenda mgongoni mwangu. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu mtu wa mbali atadhani nimekosea kuandika. Mtoto alikwenda kliniki, mama akabaki nyumbani. Kwetu haikuwa ajabu. Mama hakuwa ametolewa nje, lakini sindano ya mtoto ina wiki yake, basi shangazi alifanya kazi ya miguu. Kwenye benchi la dispensari, kati ya wanawake waliokuwa pale, nilikuta mashangazi wengine watatu na nyanya mmoja. Mzani ulining'inia kwenye boriti ya baraza, na chini yake kaptura ya kitambaa ambayo watoto walivishwa kwa zamu, wakining'inizwa wakipiga mateke. Sista Akoth alikuwa peke yake. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuvuka bonde na mikono ya upole ambayo haikufanana na sauti hiyo.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa Rael."

"Na mama yake ako wapi?"

"Ako nyumbani, ametulia."

"Sawa. Mtoto amepanda vizuri. Mwambie mama yake aendelee vivyo hivyo." Akamtoa kwenye kaptura. "Anayefuata."

Aendelee vivyo hivyo. Nilibeba maneno hayo hadi nyumbani kama nimebeba zawadi. Kogo alipiga magoti akashukuru, jirani akasema kongoi, yaani asante, kwa Mungu, na ikapitishwa, bila kikao, kwamba mtoto akipanda kilo basi mama yuko salama. Ni hesabu ya watu wa chai. Pale senta karani anatundika gunia kwenye ndoano, anasoma, anaandika, na hakuna siku hata moja nimemsikia akiuliza mti unaendeleaje. Mti unaulizwa siku ambayo majani yamekosekana. Siku hiyo huwa umekauka mpaka mizizi.

Kilichonishtua kilikuwa sabuni. Rael alininong'oneza nikienda soko kwamba nimletee sabuni ya kunukia, ile ya maharusi. Nikaleta. Baada ya siku chache akaomba nyingine. Mimi ni mtu wa kuuza. Mteja akirudi haraka hivyo najiuliza anafanya nini na mali. Nyumba nzima ilioga kwa kipande kimoja cha sabuni ya kufulia mwezi mzima. Jioni hiyo nilimpelekea uji, nikaona kikombe kinagonga meno yake. Alikuwa amejifunika blanketi mbili na sweta ya kaka, na bado anatetemeka, na paji la uso lilikuwa la moto kama sufuria. Nilipokaa karibu ndipo nikaelewa sabuni ilikuwa inafunika harufu gani.

"Rael, wewe ni mgonjwa."

"Si ugonjwa. Ni uzazi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kliniki."

"Na mbona hukusema?"

Alitazama mlango. "Niseme nini? Mtoto amepanda. Nikisema naumwa, wataniuliza unaumwa nini na mtoto ni mzima hivi. Halafu hayo mambo yanatoka wapi, si unajua. Nimwambie nani? Kaka yako?" Akacheka kidogo, kicheko kikamuumiza tumbo. "Na Sista akijua nilizalia nyumbani atanipigia kelele mbele ya watu. Wacha tu. Itaisha."

Watu wamekuja kwetu miaka hii yote na mabango, wakisema wanawake hawaendi kuangaliwa baada ya kuzaa kwa sababu hawajui umuhimu. Mimi huwa nawasikiliza, nakunywa soda yao, halafu nawauliza: hawajui nini hasa? Rael alijua. Alijua kwamba anaoza. Alijua pia mlango ambao hakuruhusiwa kuuvuka, aibu ambayo haikuwa na mtu wa kuambiwa, kelele iliyokuwa inamngoja, na benchi ambalo hakuwa na nafasi juu yake kama hakubeba mtoto. Mtu anayejua mambo yote hayo kwa pamoja na bado akabaki kitandani si mjinga. Amepiga hesabu. Hesabu yenyewe ndiyo mbovu, na hakuipanga yeye.

Nilimfuata Kogo jikoni. Alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa kwa mkaa, na aliendelea kusafisha nilipokuwa nikisema. Nayaandika kwa Kiswahili, lakini yeye aliyasema kwa lugha yetu, ambayo kwa mambo ya kukataa ni kali zaidi.

"Rael anaenda dispensari kesho," nikasema.

"Kesho ni siku ya kliniki. Mtoto alishaenda."

"Nimesema Rael."

"Mtoto ana kliniki," Kogo akasema. "Mama ana kliniki gani?"

Nimezeeka sasa, na sijasikia bado mtu akiueleza ugonjwa wote kwa maneno machache kuliko hayo. Hakuwa anabisha, kusema kweli. Alikuwa anauliza. Alizaa tisa katika chumba kile na kuzika wawili, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mahali popote aangaliwe yeye. Angejuaje kwamba mlango huo upo? Lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya huruma. Sokoni, ukitaka kitu kimoja, unaanza kwa kutaka kikubwa zaidi.

"Sawa," nikasema. "Asitoke. Basi nitaenda kumwita mchungaji, na wazee wa kanisa, na kwaya, waje wamwombee humu humu chumbani. Ni mgonjwa, si lazima aombewe?"

Mkono wa Kogo ukasimama ndani ya kibuyu. "Wanaume? Wavuke mlango ule?"

"Mchungaji ni mwanamume, Kogo, sijui nifanyeje. Na wale wa sauti ya besi wote."

Alikitua kibuyu chini. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuza kuku, alijua kabisa ninachofanya. "Atapita njia ya ndani ya chai," akasema mwishowe, "si barabarani. Atafunikwa uso. Na mimi nitakuwa kando yake, nione huyo Sista atampima na mzani gani."

Asubuhi tulimkalisha Rael kwenye wilbaro ya kupelekea majani, juu ya godoro la mtoto, tukamfunika leso mbili. Mimi nilisukuma. Kogo alitembea kando akiwa amembeba mtoto, na kila tulipofika kwenye mteremko alishika ubavu wa wilbaro kwa mkono mmoja. Umande ulitulowesha hadi kiunoni. Njia ya ndani ilitokea nyuma ya senta, na karani, aliyekuwa anafungua mlango, akatuona.

"Mama, mmeleta majani mapema leo."

"Haya hayapimwi hapa," Kogo akamjibu bila kugeuka.

Benchi lilikuwa limejaa tulipofika. Sista Akoth alikuwa tayari kwenye mzani, kaptura mkononi. Alitazama wilbaro, akamtazama Kogo.

"Mtoto ana shida gani?"

"Mtoto hana shida," nikasema. "Mgonjwa ni mama yake."

"Wagonjwa wakubwa si leo. Leo ni watoto. Mpeleke nyumbani, kesho asubuhi mje mapema, daktari atakuwa amerudi." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu mmoja na watoto wale wote, na mvua ilikuwa inakusanyika upande wa msitu. Kama ningekuwa yeye labda ningesema hivyo hivyo. Lakini sikuwa yeye. Nilikuwa nimesukuma wilbaro.

"Sista, mwangalie kwanza."

"Nimesema kesho. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Mama Otieno, mwanamke wa kutoka ziwani ambaye mume wake alifanya kazi na kaka kiwandani, na mtoto wake alikuwa ameshavishwa kaptura nusu. Nilikwenda nikasimama kati yake na ndoano. Sikuwa nimepanga. Ni ile hali ya sokoni, ukiona mtu anakufungia bei, unaweka mkono juu ya mali.

"Hapa hapimwi mtoto," nikasema, "mpaka mama apimwe."

 Sista aliweka mikono kiunoni. "Wewe msichana, wewe umezaa?"

"Sijazaa."

"Basi toka njiani uwaachie waliozaa."

Nilidhani imekwisha hapo, kwa sababu lilikuwa pigo zuri na wanawake wengine walicheka. Lakini Mama Otieno hakucheka. Alimtazama Rael, ambaye kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa wilbaro, kisha akaanza, polepole, kumvua mtoto wake kaptura.

"Wangu ashuke kwanza," akasema. "Ana haraka ya nini? Hata jana alikuwa na uzito."

"Mama Otieno, na wewe?"

"Sista, mimi tangu nizae huyu naona giza nikisimama. Nimekuja hapa mara ngapi? Unanishika mtoto, unaniambia aendelee. Mimi naendelea tu, kama ng'ombe wa jembe."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Ukisema anayefuata, ninafuatwa."

Yule nyanya wa benchi akarudisha mjukuu wake ndani ya blanketi. Mwanamke mwingine akafunga sweta ya mtoto wake vifungo vyote, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga duka. Halafu wengine. Hakuna aliyeinua sauti. Kaptura ilibaki ikining'inia tupu, inazunguka na upepo.

"Sasa mnagoma?" Sista akauliza.

"Hatugomi," nikasema. "Tumekuja kununua. Ni vile bei yako hatujaikubali."

Akanitazama, na naapa niliona mdomo wake unataka kucheka ukajizuia. Alitembea hadi kwenye wilbaro, pengine ili tu anyamazishe kelele, akafunua leso. Aliweka mkono kwenye paji la uso la Rael. Kisha akainama karibu, akavuta pumzi, na uso wake ukabadilika kabisa. Ile sabuni ya maharusi haikuweza kumdanganya mtu wa kazi yake. Sauti ilipotoka haikuwa ya kutufukuza tena: mwingizeni ndani, leteni maji, wewe shika miguu, wewe kimbia pale barabarani usimamishe gari lolote, hata la maziwa, mwambie ni mimi nimesema. Nilikuwa nimeshika kichwa cha Rael alipodungwa sindano. Sista alikuwa anafanya kazi haraka na huku anagomba, "Wiki hizi zote. Wiki hizi zote, binti, kwa nini hukuja?"

Rael akafungua macho. "Nilikuja," akasema. "Nilimtuma mtoto."

Gari la maziwa lilimpeleka Kapkatet, hospitali, akiwa amelala kati ya mitungi, na Sista mwenyewe kando yake. Walimsafisha huko, kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani siku zote zile, wakamwongeza damu. Usiku wa kwanza hawakutuahidi kitu. Kogo alikaa nje ya wodi na mtoto, hakula, na ilipofika asubuhi nesi akatoka akasema mgonjwa ameomba uji, mama yangu alinisukuma bega akasema, "Sasa unangoja nini?" Hiyo ndiyo shukrani yake yote, nami niliipokea nzima. Rael alipona. Hakuzaa tena, na kaka alikuja kuliuliza jambo hilo kwa miaka, kwa sauti ya mtu anayedai, mpaka siku moja Kogo akamwambia kwamba hesabu ya nyumba ile ilishafungwa na aliyeifunga alikuwa hai, ashukuru.

Kuna watu watasema ilikuwa bahati: gari lilipita, Sista alikuwa na moyo. Sikatai. Ninachosema ni kwamba bahati ilibidi isimamishwe njiani na mtu aliyesimama mbele ya ndoano. Binti zetu sasa wanazalia hospitali, wanarudi nyumbani kwa pikipiki wakiwa na mtoto aliyepigwa picha kabla hajafungua macho, na bado nikiuliza, "Na wewe, walikuangalia?" naona wanavyofikiri. Huwa nawarudisha hospitali. Walishanizoea. Wananiita mkorofi, na mimi sijawahi kukanusha jina lenye faida.

Rael alirudi kliniki mwezi uliofuata. Alitembea mwenyewe, kwa barabara, uso wazi, mikono ikiwa imeshaoshwa na wanawake wazee, mimi nikiwa nyuma yake kwa sababu sikuwa tayari kukosa. Mtoto tulimwacha nyumbani na Kogo. Alikaa kwenye benchi katikati ya wengine, mikono mitupu mapajani, na zamu yake ilipofika akasimama.

"Mtoto?" Sista Akoth akauliza, kaptura mkononi.

"Ako nyumbani, ametulia," Rael akasema. "Aliyekuja ni mimi."

 Sista akatundika kaptura kwenye ndoano, akafungua mlango wa chumba cha ndani, akamwingiza, akaufunga. Tulisikia kiti kikivutwa, swali fupi, na halafu sauti ya Rael, ya chini, isiyo na haraka, ikaanza kujibu na haikuisha. Mama Otieno alisikiliza mpaka akachoka kusikiliza. Akamtoa mtoto wake mgongoni, akaniwekea mapajani. "Nishikie huyu," akasema. "Nina mengi." Mwanamke wa pili akamlaza wake kando yangu kwenye benchi, na wa tatu akasogeza wake hapo hapo, nao wakapanga foleni kwenye mlango, mmoja nyuma ya mwingine, wakirekebisha vitambaa vya kichwa. Siku hiyo waliongoja kwenye benchi ni watoto.